Makali Niliyoyatia Mwenyewe

Mimi ni mtu asiyetulia. Mke wangu husema nilizaliwa nikiwa nimeshachelewa mahali. Nikikaa kitini goti moja hucheza lenyewe, na nikisubiri basi pale Kipling, hapa Toronto, nitaamua kutembea hadi kituo kinachofuata, basi linipite katikati, kisha nimlaumu dereva. Nadhani ndiyo sababu nilianza kukusanya panga za kijeshi za zamani. Nikishika upanga wa kale, na nikaanza kutafuta alama za fundi, namba na herufi za mwenyewe, naweza kukaa kimya saa nzima bila hata kukohoa. Hakuna kitu kingine duniani kinachonifanya hivyo, hata ibada.

Ninazo kumi na moja. Tunaishi Rexdale, ghorofa ya tisa, nyumba ya vyumba viwili. Mke wangu aliweka masharti: hataki upanga chumbani, hataki upanga sebuleni. Basi zote zimetundikwa kwenye kijia kinachokwenda msalani, na kila mgeni lazima apite katikati yake. Mwenyekiti wa kina mama wa kanisani aliwahi kupita hapo, akarudi na kikombe chake cha chai kimepoa, akauliza kama tungependa tuombe pamoja kidogo. Tuliomba. Aliomba kwa muda mrefu, na macho yangu yalikuwa wazi.

Watu wa huku huniuliza mambo haya yamenipata wapi. Nilikulia Taita, chini kule ambako Waingereza na Wajerumani walipigana vita vyao vya kwanza vya dunia katika ardhi isiyo yao. Tulipolima tuliokota maganda ya risasi yaliyogeuka kijani, na vifungo vya makoti. Wenzangu walivichezea wakavitupa. Mimi nilivitia kwenye mkebe wa kahawa na nikajiuliza kila kifungo kilikuwa cha nani. Swali hilo ndilo lililonileta hadi hapa, na ndilo lililonitia matatani.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua upanga wa afisa wa jeshi kwenye nyumba moja huku Etobicoke. Mzee mmoja alikuwa anahama, na vitu vya familia vilikuwa vimepangwa gerejini, kila kimoja na kibandiko chake cha bei. Upanga ulikuwa umesimamishwa ndani ya ndoo pamoja na miavuli. Ala yake ya ngozi ilikuwa imepasuka, lakini bapa lilikuwa safi, lina herufi tatu zilizochorwa kwa ustadi, na namba ndogo kwenye mgongo. Yule mzee hakutaka hata kuutazama. Alisema tu, "Chukua, chukua," kama mtu anayemfukuza kuku. Nikafika nao nyumbani, nikapitisha kidole kwenye makali yake. Hakukuwa na makali. Ungeweza kusongea ugali.

Sasa, mtu mwingine angeacha hapo. Lakini baba yangu alikuwa na desturi ya kukagua mapanga yetu ya shamba kabla ya mvua za vuli. Alitupanga mstari, sisi na mapanga yetu, akapitisha kidole gumba kwa kila moja bila kusema neno. Aliyekutwa na butu hakuchapwa. Aliambiwa akae pembeni atazame wenzake wakifanya kazi, na wapita njia walimwona amekaa. Kwetu chombo butu ni aibu ya mwenye nyumba. Kwa hiyo nilipouona upanga ule mzuri umeachwa hivyo, niliuonea huruma. Nikanunua tupa na jiwe la kunolea, nikaketi kibarazani Jumamosi tatu mfululizo, magari yakipita chini kule, nikaunoa. Kazi yangu haikuwa ya kubahatisha. Nilijua pembe ya kulaza tupa, nilijua kumalizia kwa maji. Jumamosi ya tatu upanga ulinyoa nywele za mkono wangu. Nikaupiga picha kutoka kila upande, nikaziweka kwenye ukurasa wa wakusanyaji mtandaoni, nikasubiri sifa.

Nina rafiki mmoja Flemingdon Park, mzee wa Tanga aliyekuwa na duka la dawa huko kabla ya kuhamia huku na wanawe. Ni mtu wa swala tano na chai isiyokwisha, na anajua panga kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma alama. Nilimpelekea upanga wangu kama mwanafunzi anayepeleka daftari. Aliuvuta kutoka alani, akauweka chini ya taa.

"Nani ameutia makali?" akauliza.

"Mimi, mzee," nikasema kwa fahari.

Akavua miwani. "Lahaula. Bwana wewe, unajua ulichokifanya?"

Sikujua. Akanieleza polepole, kama anavyoeleza dozi. Wakati wa amani upanga wa afisa ulikaa butu, maana ulikuwa wa gwaride tu. Amri ya kwenda vitani ilipotoka, ndipo panga zilipopelekwa kwa fundi wa kikosi zikatiwa makali. Wakusanyaji wakiona makali ya zamani wanajua mwenyewe aliitwa akaenda. Wakiona butu wanajua huenda hakuondoka nyumbani.

"Upanga wa huyu ulikuwa butu," mzee alisema. "Sasa wewe umempeleka vitani mtu ambaye hakwenda. Nimekwambia mara ngapi? Usisugue, usinoe, usitengeneze. Tazama tu. Lakini wewe kutazama huwezi, mikono inakuwasha."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Upanga ule sikuutundika. Niliusukuma nyuma ya kabati, na nikasema nitaziondoa zile picha mtandaoni. Nilisema hivyo mara nyingi.

Mwaka uliofuata, na mwingine juu yake, hakuna aliyeuliza. Kisha, mwishoni mwa Januari mwaka huu, nikapata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa hapa hapa Toronto, upande wa mashariki ya bonde la Don. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili. Mjukuu wake alikuwa amemsaidia kutafuta, na wameziona herufi tatu na namba. Upanga ni wa babu yake. Je, ningekubali auone?

Nilikubali mara moja. Kwa kweli nilifurahi. Nilisahau kabisa makali, au nilijifanya nimesahau, sijui. Upanga niliutia kwenye boksi refu la fimbo ya pazia, ndivyo ninavyosafiri nazo, kwa sababu mtu mweusi mwenye upanga ndani ya basi la Toronto hana haja ya kubuni wasiwasi. Nilishika boksi lile kati ya magoti safari nzima, na kila aliyeingia nilimtazama kana kwamba amenikamata.

Yule mama alikuwa mrefu, amenyooka, ana fimbo ambayo hakuiegemea. Alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, na juu yake picha ya kijana mwembamba mwenye sare. Tulizungumza Kiingereza, lakini maneno yake yamekaa kichwani mwangu kwa Kiswahili. Kabla sijafungua boksi alitaka nijue habari zote. Babu yake alikwenda Uingereza na jeshi katika vita vile vya kwanza, akarudi, hakusema chochote mpaka akafa. Akiwa bado hai, jirani mmoja akaeneza kwamba hakuwahi kuvuka kwenda mstari wa mbele, kwamba alikaa miaka yote ghalani akihesabu blanketi. Kaka yake yule mama alikuwa na miaka kumi aliposikia. Tangu siku hiyo alimwita babu yao mhesabu blanketi, mezani, mbele ya watu, hata siku ya mazishi. Dada alimtetea babu, kaka alicheka. Walikua, wakaoa na kuolewa, wakazeeka, na jambo hilo moja likawagombanisha kwa zaidi ya miaka hamsini. Wala haikuwa siri nani aliyeuza upanga gerejini bila kumwambia dada yake.

Nilisogeza boksi chini ya kiti changu.

"Lakini nimesoma," alisema. "Waliokwenda, panga zao zilitiwa makali. Waliobaki hazikutiwa. Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

Sikutaka kufungua boksi. Nilifungua. Aliuvuta upanga nusu kutoka alani kwa mikono iliyotulia kuliko yangu, akapitisha kidole gumba, na tone la damu likatoka likadondokea kitambaa cheupe. Akacheka. Kisha akaketi, akaanza kulia huku bado anacheka, akasema, "Alikwenda. Alikwenda."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nafasi ilikuwa pana kama uwanja. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Nikuletee karatasi ya kufutia damu?"

Nilimwachia upanga. Alitaka kunilipa, nikakataa kwa ukali uliomshangaza. Nikarudi Rexdale na boksi tupu.

Wiki zilizofuata sikukalika. Kwenye ghala ninakofanya kazi, karibu na uwanja wa ndege, nilipeleka paleti mbili za dawa ya meno kwenye lori la vyakula vya mbwa. Nyumbani niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Niliandika ujumbe kwenye simu nikafuta, nikaandika nikafuta, mpaka binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hukijibu kwa Kiingereza, akaniambia, "Dad, just call her." Nikamwambia si jambo la simu. Akarudi kwenye kompyuta yake.

Mke wangu ni nesi, anaamka saa kumi na moja, hana subira na watu wanaozunguka. Nilimweleza yote akiwa anajiandaa kwenda kazini.

"Kwani umeua mtu?" akauliza.

"Nimemdanganya mama wa watu."

"Hukumdanganya. Ulinyamaza. Sasa ni mzee, amefurahi, wewe unataka kumpokonya hiyo furaha ndiyo wewe ulale vizuri? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kaa nayo."

Alisema hivyo akifunga viatu, akaondoka. Nilikasirika naye siku mbili, kwa sababu alikuwa amegusa mahali.

Nikaenda Flemingdon Park. Mzee wa Tanga alisikiliza mpaka mwisho, kikombe kikiwa mkononi.

"Mwambie," alisema.

"Mke wangu anasema nisimwambie."

"Mke wako ana akili. Na mimi pia ninayo kidogo. Jambo hili lina siku zake, bwana. Ukimwambia kesho utakuwa mtu aliyekosea akarekebisha. Ukimwambia baada ya miezi miwili utakuwa kitu kingine. Kwa hiyo ama nenda kesho, ama usiende kamwe. Katikati hapo ndipo pabaya."

Mimi, bila shaka, nilichagua katikati. Kesho yake theluji ilianguka. Wiki iliyofuata nilibadilishiwa zamu. Baadaye kulikuwa na harusi kanisani, na mimi nilikuwa kwenye kamati ya viti. Sitaki kujitetea. Mtu anayekimbilia kituo cha mbele badala ya kusubiri basi alishindwa kupanda basi moja tu kuelekea mashariki. Nilikuwa nikitoka nyumbani nimevaa koti, nafika hadi kituoni, nazunguka, narudi na maziwa ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Nilikwenda mwishoni mwa Machi, Jumapili baada ya ibada, bado nimevaa suti. Mahubiri hayakuwa na uhusiano wowote na habari yangu. Nilichoka tu. Nilikuwa nimefika mahali ambapo ningemwambia mtu yeyote, hata dereva.

Alinifungulia mwenyewe. Sebule ilikuwa na maua mengi, na sinia za sandwichi zimefunikwa kwa plastiki. Nilidhani ana sherehe. Niliingia na hotuba yangu tayari mdomoni, na kwa sababu niliogopa ingenitoroka tena, niliimwaga yote nikiwa nimesimama kwenye zulia la mlangoni. Tupa. Jiwe. Jumamosi tatu. Kwamba upanga ulikuwa butu nilipoununua. Kwamba makali yale ni yangu mimi, si ya jeshi lolote, na kwamba nilikuwa nimejua alipokuwa akilia.

Alinisikiliza. Fimbo safari hii aliiegemea.

"Kaka yangu amefariki Jumanne," akasema.

Nilitazama yale maua.

"Nilimtumia picha siku ile ile uliyoondoka. Picha ya makali. Alinipigia simu usiku huo. Tulikuwa hatujazungumza miaka tisa. Alilia, bwana. Mzee wa miaka themanini na sita analia kama mtoto, anasema amemkosea babu maisha yake yote, amenikosea na mimi. Alikuja hapa. Alikuja kila Alhamisi, akakaa pale." Akaonyesha kiti. "Aliushika upanga, akamwomba babu radhi kwa sauti. Mimi nilikuwa jikoni, nilimsikia."

Nikasema naomba unisamehe. Nikasema nilifikiri ana haki ya kujua ukweli.

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Lakini usiniambie kwamba umekuja kwa ajili yangu. Ungekuja kwa ajili yangu, ungekuja mwezi wa pili. Umekuja kwa sababu ulichoka kubeba. Sasa umetua. Mimi ndiye nimebeba, na sina wa kumpelekea."

Nilitaka kukataa. Kilichoniuma ni kwamba wakati ule ule, nikiwa nimesimama pale kwenye zulia, nilikuwa nahisi mabega yangu mepesi kwa mara ya kwanza tangu Januari. Nilijichukia kwa wepesi ule, na sikuweza kuuondoa.

Nikauliza kama anataka niuchukue upanga.

"Hapana. Jumamosi ni ibada ya kumbukumbu. Watoto wa kaka yangu wanataka uwekwe mezani karibu na picha yake. Tayari wameandika watakachosema." Akafunua sinia moja, akanisogezea. "Utakuja. Hutasema chochote. Utakaa usikilize."

Nikachukua sandwichi nikaila, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Nilikwenda. Mke wangu alitaka kunisindikiza, nikamwambia hili ni langu. Kanisa lilikuwa dogo, la mawe, na nilikaa safu ya nyuma kabisa karibu na mlango. Upanga ulikuwa mbele, umetolewa alani, umelazwa juu ya kitambaa, na kutoka pale nilipokaa niliweza kuona kazi ya tupa yangu inavyong'aa kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa kazi nzuri. Mtoto wa kiume wa marehemu alisimama, mtu mzima mwenye mvi, akasimulia habari za babu wa baba yake, afisa aliyekwenda mstari wa mbele na upanga uliotiwa makali, ambaye ukoo wake ulimdharau kwa uongo wa jirani. Akasema baba yake alikufa akiwa amepatana na dada yake na amepatana na babu yake, na kwamba wajukuu wadogo sasa wanaandika habari hizi shuleni. Watu walikuwa wakijifuta macho. Goti langu lilicheza mpaka aliyekaa karibu nami akanitazama.

"Na yupo hapa leo," yule mtu akasema, "mgeni wetu aliyeurudisha upanga huu nyumbani, na hakutaka kulipwa chochote. Namwomba asimame."

Vichwa viligeuka. Nilimtafuta yule mama kwa macho. Alikuwa safu ya kwanza, naye amegeuka. Hakunitikisia kichwa wala hakunizuia.

Nikasimama. Wakaanza kupiga makofi, kwanza wachache, kisha kanisa zima. Yeye pia alipiga makofi, taratibu, akinitazama usoni, na hakuacha mpaka wengine wote walipokuwa wamenyamaza.